Maisha ya Kazi na Majina Yake: Istilahi za Mcheza Magongo wa Kulipwa na Kiongozi wa Mlima

1. Chanzo cha makala haya

Mwalimu mmoja wa Kasingirima, katika mji wa Ujiji, ametuletea swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo. Alikuwa akitayarisha somo la kuwasaidia vijana wa kidato cha nne wafikiri juu ya kazi watakazofanya baada ya shule. Kitabu alichokitumia, ambacho kimeandikwa kwa Kiingereza, kilieleza habari za watu wawili: wa kwanza hucheza hoki na kulipwa mshahara kwa kucheza, wa pili huwaongoza watu wanaopanda milima. Mwalimu alipotaka kuzieleza habari hizo kwa Kiswahili alikwama mahali patatu. Hakupata neno la kujumlisha mwendo mzima wa kazi za mtu, tangu anapoanza hadi anapostaafu. Hakuwa na hakika kama yule mchezaji aitwe mtaalamu, stadi au jina jingine. Na yule wa pili alimwita kwa majina manne katika kipindi kimoja cha dakika arobaini: mwongozaji, kiongozi, mwelekezaji na msindikizaji.

Wanafunzi walicheka. Mmoja alisema kwamba kucheza si kazi, na akaleta ushahidi wa wahenga wasemao kwamba kazi mbi si mchezo mwema. Mwingine alisema kwamba anayewatangulia wageni mlimani ni mpagazi tu aliyevaa viatu vizuri.

Mwalimu hakucheka. Anamfahamu kijana mmoja wa hapo hapo, aliyekuwa mwanafunzi wake, ambaye kwa misimu miwili aliwaongoza wageni mlimani hali karatasi yake ya ajira ikimtaja kuwa mpagazi. Alilipwa ujira wa mpagazi. Usiku mmoja alipokuwa akimteremsha mgeni aliyezidiwa, aliteguka goti. Na alipodai matibabu aliambiwa kwamba kuteremsha wagonjwa hakukuwa miongoni mwa majukumu ya mtu mwenye jina lake la kazi. Tajiri wake alikuwa amesoma karatasi vizuri. Kosa lilikuwa katika neno lililoandikwa humo.

Makala haya yanakusudia kujibu mambo matatu aliyoyauliza mwalimu, kwa kuonyesha kwamba jina la kazi ni sehemu ya masharti ya kazi yenyewe. Istilahi nzuri ya kazi humwambia anayeisoma ni nani anayelipwa, kwa jambo gani, na ni nani mwenye dhamana mambo yanapoharibika. Aidha, tutaonyesha kwamba maneno mengi tunayoyatafuta tunayo tayari. Yalizaliwa njiani na viwanjani kabla wataalamu wa lugha hawajakaa mezani.

2. Kazi, ajira, taaluma na maisha ya kazi

Tuanze na neno la kwanza lililomkwamisha mwalimu. Kiswahili kina maneno kadhaa yanayokaribiana na dhana hiyo, lakini kila moja lina mpaka wake.

Kazi ni neno pana mno. Hutaja tendo, kama katika "ana kazi ya kukarabati nyavu". Hutaja mahali pa kupatia riziki, kama katika "amepata kazi bandarini Kigoma". Na hutaja tunda la jasho, kama katika "mtumbwi huu ni kazi ya babu yangu". Ajira ni uhusiano baina ya mwenye kutoa kazi na mwenye kuifanya. Uhusiano huo ukivunjika, ajira imekwisha, lakini fundi hajaacha kuwa fundi. Utumishi umeegemea zaidi serikali, mashirika na dini. Taaluma ni maarifa yenye mafunzo na kanuni zake, kama vile uhasibu au uuguzi. Hakuna hata moja kati ya haya linaloonyesha njia ambayo mtu ameipita: alianza wapi, alipanda vipi, alihamia wapi, alikoma lini.

Kwa dhana hiyo tunapendekeza maisha ya kazi. Istilahi hii haikuhitaji kubuniwa, mtu husema bila kujifunza, "katika maisha yangu yote ya kazi sijapata kuona jambo kama hili." Inabakia tu kuipa fasili na kuitumia kwa mfululizo.

Mfano wa maisha ya kazi hauhitaji kutafutwa mbali na Kasingirima. Ujiji ilikuwa kikomo cha njia kuu ya misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora mpaka ziwani, kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914 na kuihamishia biashara huko. Miongoni mwa watu walioingia Ujiji kwa njia hiyo zaidi ya mara moja ni Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa katika nchi ya Wayao, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa na kupelekwa Bara Hindi. Alipopata uhuru wake baada ya bwana wake kufariki, alirudi Zanzibar. Alifika Ujiji mwezi wa Februari 1858 pamoja na Burton na Speke. Akafika tena mwezi wa Novemba 1871 pamoja na Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone. Akafika mara ya tatu mwezi wa Februari 1874 pamoja na Cameron, na safari hiyo ikaendelea hadi pwani ya magharibi ya bara. Mwaka 1876 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunukia nishani ya fedha. Alifariki mwaka 1885.

Tukiuliza kazi ya Bombay ilikuwa nini, hatuwezi kujibu kwa neno moja. Katika safari ya kwanza alikuwa mtumishi na mchukuzi wa bunduki, na kwa kuwa alijua Kihindustani, ambacho Speke alikijua pia, akawa mkalimani wake. Katika safari zilizofuata alikuwa mkuu wa watu wa msafara. Mtu ni yule yule na njia ni ile ile, lakini dhamana ilikua na jina likabadilika. Hayo ndiyo maisha ya kazi. Na msomaji atambue kwamba kila jina lilikuwa na ujira wake: aliyeajiriwa kuwa mtumishi hakulipwa sawa na mkuu wa msafara.

3. Mpira wa magongo

Jina la mchezo wenyewe lina sura mbili katika Kiswahili cha leo. Ya kwanza ni hoki, ambayo ni neno la kutoholewa. Ya pili ni mpira wa magongo, ambayo imeundwa kwa maneno ya lugha yetu na ndiyo iliyoenea katika habari za michezo. Hatuoni sababu ya kuifukuza hoki, kwa kuwa ni fupi na matamshi yake hayamtatizi mtu. Lakini mpira wa magongo una faida ya kumwonyesha asiyeujua mchezo nini kinachotumika na kwa namna gani.

Yafaa kusisitiza kwamba wingi wa neno magongo umefanywa kwa busara. Katika Tanzania gongo, kwa umoja, ni pia jina la pombe kali inayopikwa kwa siri. Anayesema kwamba kijana wake amejiunga na chama cha gongo atahitaji maelezo ya ziada mbele ya majirani.

Jambo la pili ni kwamba kuna michezo miwili yenye asili moja. Upo ule unaochezwa uwanjani na timu zenye wachezaji kumi na mmoja kila upande, ambao ndio unaojulikana Afrika Mashariki. Upo pia ule unaochezwa juu ya sakafu ya barafu na wachezaji sita kila upande, waliovaa viatu vya kuteleza. Kwa kuwa katika mchezo huo wa pili kinachopigwa si tufe bali ni kisahani kinene na kigumu, wapo wanaosema kwamba neno mpira halifai. Hoja hiyo ina jibu. Katika Kiswahili mpira ni jina la tufe la kuchezea, na pia ni jina la mali ghafi itokayo katika utomvu wa miti. Kisahani hicho kimetengenezwa kwa mpira. Kwa hiyo magongo ya uwanjani na magongo ya barafuni ni majina yanayotosha kuitenganisha michezo hiyo, na kila mmoja waweza kuitwa mpira wa magongo bila kosa.

Wala haifai kudhani kwamba barafu ni jambo la mbali lisilohitaji istilahi. Nairobi imekuwa na ukumbi wa kuteleza juu ya barafu tangu mwaka 2005, humo imekulia timu ya Kenya ya magongo ya barafuni, na mwaka 2024 nchi hiyo ilipokewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Neno lisipotengenezwa sasa, watangazaji watalitengeneza wenyewe hewani, kila mmoja lake.

4. Wa ridhaa, wa kulipwa, na mwajiriwa anayecheza

Hapa ndipo penye ugumu wa pili wa mwalimu. Neno la Kiingereza alilolikuta kitabuni hubeba maana mbili pamoja: mtu mwenye taaluma, na mtu anayelipwa kwa jambo ambalo wengine hulifanya bure. Atakayelitafsiri kwa kutazama maana ya kwanza tu ataandika "mchezaji mtaalamu", na atakuwa amepotea, maana mchezaji anaweza kuwa mtaalamu wa hali ya juu bila kulipwa hata senti moja.

Ushahidi upo. Avtar Singh Sohal wa Kenya alicheza magongo katika Michezo minne ya Olimpiki, ya mwaka 1960, 1964, 1968 na 1972, na katika mitatu ya mwisho alikuwa nahodha wa timu. Mwaka 1964, mjini Tokyo, Kenya ilitokea ya sita; na mwaka 1971, katika mashindano ya kwanza ya Kombe la Dunia mjini Barcelona, ilitokea ya nne. Hakuna atakayesema kwamba nahodha wa timu kama hiyo hakuwa mtaalamu. Hata hivyo kanuni za Olimpiki za wakati huo ziliwataka wachezaji wasiwe wenye kulipwa kwa mchezo wao; sharti hilo lilikuja kulegezwa baadaye.

Tanzania nayo ilipeleka timu ya magongo ya wanaume Moscow mwaka 1980, mwaka ambao nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo, zilisusia michezo hiyo. Timu zilikuwa sita, nasi tukawa wa sita. Tulifungwa na India mabao 18 kwa 0, na hiyo India ndiyo iliyotwaa medali ya dhahabu. Matokeo hayo hayafichiki, lakini yana fundisho kwa mtunga istilahi: wachezaji wale walikuwa wa ridhaa, wakakutana na nchi ambazo mchezo huo ulikuwa na mizizi mirefu.

Neno ridhaa limetufaa sana katika ndondi na michezo mingineyo. Lina maana ya kukubali kwa hiari ya moyo, na kwa hiyo mchezaji wa ridhaa ni yule anayecheza kwa kupenda, si kwa malipo. Kinyume chake, mchezaji wa kulipwa, hakikubuniwa na kamati, kilitoka viwanjani. Watanzania walipomwona Sunday Manara wa Yanga akienda Uholanzi katika miaka ya 1970 kuichezea Heracles, walielewa upesi tofauti iliyopo: huyu sasa analipwa kwa mguu wake. Vijana siku hizi husema "mapro", nalo ni neno la mtaani lenye uhai wake. Lakini katika mkataba na katika kitabu cha shule twapendekeza -a kulipwa, kwa sababu huitaja fedha waziwazi. Mkataba usioitaja fedha waziwazi si wa kuaminika.

Hata hivyo mgawanyo huu wa mafungu mawili hautoshelezi hali yetu. Kuna fungu la tatu ambalo lugha za nchi nyingine hazilioni vizuri. Katika Afrika Mashariki timu nyingi ni za polisi, za majeshi, au zilikuwa za mashirika ya umma. Mchezaji wa magongo katika timu ya Polisi ya Kenya, kwa mfano, hupokea mshahara wa askari. Halipwi kwa kucheza, lakini bila kucheza huenda asingeandikwa kazi. Huyu si wa ridhaa kamili wala si wa kulipwa kamili. Twapendekeza aitwe mwajiriwa mchezaji. Neno mwajiriwa limetangulia kwa makusudi, kwa kuwa siku atakapovunjika kiwiko au atakapozeeka, haki zake zitatokana na ajira yake, na wala hazitatokana na mchezo.

Tukimrudia mwanafunzi aliyesema kwamba kucheza si kazi, tutamjibu kwa lugha yenyewe. Kitenzi cheza hakikuwekewa mpaka wa burudani. Husemwa kwamba mlango unacheza, jino linacheza, na mcheza ngoma wa harusini hupewa tuzo. Magongo huwa kazi pale panapokuwa na mkataba, muda, mshahara na wajibu. Ligi ya Taifa ya magongo ya barafuni inayojumuisha timu za Kanada na Marekani iliundwa mjini Montreal mwaka 1917, na wachezaji wake huishi kwa kazi hiyo. Lakini ni kazi yenye maisha mafupi: mwili humwondoa mchezaji katika umri ambao mhunzi au mwalimu ndiyo kwanza anafikia ubora wake. Kwa hiyo atakayeichagua hana budi kuuliza mapema, "Na baadaye?" Sohal alipoacha kucheza aligeuka mfunzi wa timu na mwamuzi. Istilahi ya maisha ya kazi inafaa hapa tena, kwani inamkumbusha kijana kwamba mkataba mmoja si maisha yote.

5. Kwa nini asiitwe gaidi

Tumefika kwa mtu wa pili. Msomaji aliyezoea kanuni za utohoaji atasema: kama tulivyochukua hoki, tuchukue pia jina la Kiingereza la mwenye kuongoza watu mlimani, tulivike sauti za Kiswahili, mambo yaishe. Tujaribu. Neno hilo likiisha kuvikwa sauti zetu linakuwa gaidi. Na gaidi, katika Kiswahili, ni mnyang'anyi wa njiani, na siku hizi ni mtu wa kutisha zaidi ya hapo. Mgeni aliyejifunza Kiswahili kidogo akiambiwa kwamba magaidi wawili watamchukua alfajiri kwenda msituni, hatalala. Mfano huu unatufundisha kwamba kanuni ya utohoaji haitumiki peke yake. Ni lazima kwanza kuchungulia kama mlango tunaoubisha una mwenyeji ndani.

Yabakia maneno ya shina -ongo-. Kutokana na ongoa, yaani kunyoosha au kuweka katika njia iliyo sawa, tumepata ongoza, mwongozo, uongozi, mwongozaji na kiongozi. Mwongozaji limekwisha kuchukuliwa na watu wa maigizo na filamu, na huko limetulia. Mwongoza watalii ni jina linalotumika katika shughuli za utalii, nalo ni sahihi kwa sarufi, kama walivyo mpanda mlima na mcheza magongo. Lakini halimtoshi mtu wa mlima. Anayewatembeza wageni mahali palipowekwa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley pale Ujiji ni mwongoza watalii, na kosa lake kubwa laweza kuwa kutaja tarehe isiyo sahihi. Anayewapandisha watu Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, akikosea, mtu anaweza kufa. Isitoshe, si kila mpanda mlima ni mtalii. Wapo watafiti, askari na wanafunzi.

Neno kiongozi, kwa upande mwingine, limeelemewa. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipoweka masharti ya uongozi, neno hili limezoeleka zaidi kwa mwenye cheo cha siasa au serikali. Ndiyo maana wapo wanaoshauri kwamba tufufue neno la misafara, kirangozi, ambalo lina udugu wa wazi na kiongozi.

Ushauri huo si wa kupuuzwa. Wasafiri wa karne ya 19, akiwemo Burton, wameeleza vizuri kazi ya kirangozi katika njia ya Ujiji. Alitangulia mbele ya watu wote akichukua bendera nyekundu, na kichwani alivaa ngozi ya mbega. Aliyethubutu kumpita njiani alitozwa faini. Nyuma yake walifuata wapagazi, ambao jina lao lina shina moja na pagaa, yaani kubeba begani. Mnyapara alikuwa msimamizi wa watu. Mkalimani alisema na wenyeji. Kazi hizi nne zilikuwa na majina manne, na mtu hakuchanganya moja na nyingine, maana kila moja ilikuwa na posho yake. Inasikitisha kwamba leo, katika ofisi yenye taipu na mihuri, kijana wa Kasingirima aliandikiwa jina lisilo lake, jambo ambalo msafara usio na karatasi ulijua kuliepuka.

Aidha, kufufua neno la kale si jambo geni. Rubani alikuwa mtu wa bahari, mjuzi wa miamba na mikondo, aliyekiongoza chombo kuingia bandarini. Ndege zilipokuja, jina lake lilipanda angani, na leo hakuna anayeliona kuwa la ajabu.

Hata hivyo tunaona kwamba kirangozi libaki katika historia, kwa sababu moja: watu wa mlimani wenyewe hawalitumii. Rubani lilihama kutoka kwa watu waliokuwa bado wakilisema. Kirangozi lingetolewa makumbushoni. Mlimani watu husema kiongozi, kiongozi msaidizi, mpishi na mpagazi. Na wapagazi wenyewe hujiita wagumu, jina la kujisifu ambalo wamelistahili. Kwa hiyo tunapendekeza kiongozi wa mlima. Nyongeza hiyo ya "wa mlima" yatosha kumtenga na kiongozi wa jukwaani, kama vile nahodha wa timu asivyochanganywa na nahodha wa chombo pale mwalo wa Kasingirima.

6. Dhamana iliyomo katika neno

Istilahi bila fasili ni ganda bila kokwa. Ni nini basi kinachomfanya mtu awe kiongozi wa mlima na si mpagazi mwenye viatu vizuri?

Si kuijua njia peke yake, kwani mpagazi naye huijua. Wala si kutangulia mbele, kwani mara nyingi wapagazi hupita mbele ili wakapige kambi. Tofauti ipo katika uamuzi. Mtu apandaye juu upesi kuliko mwili wake unavyozoea hewa nyepesi huanza kuumwa kichwa na kutapika. Hali ikizidi huyumba kama mlevi, husema maneno yasiyopangika, au hukohoa makohozi yenye povu, dalili kwamba ubongo unavimba au mapafu yanajaa maji. Tiba ya kwanza ni moja: kushuka, na kushuka sasa hivi, hata kama ni usiku na kilele kimebaki hatua chache. Mgeni aliyelipa fedha nyingi hupinga. Kiongozi wa mlima ndiye mwenye mamlaka ya kusema, "Tunarudi," na neno lake likawa la mwisho. Mamlaka hayo ndiyo kiini cha kazi yake, na ndiyo yaliyokosekana katika karatasi ya yule kijana, ingawa alilazimika kuyatumia.

Kazi hii imekuwa na watu wake siku nyingi. Watu wa Marangu humkumbuka Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaongoza Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, waliofika kilele cha Kilimanjaro tarehe 6 Oktoba 1889. Majina ya wageni hao yaliingia vitabuni mara moja. La Lauwo lilikuja kuenzwa rasmi katika sherehe za miaka mia moja, mwaka 1989, na alifariki mwaka 1996. Karne nzima ilipita kabla ya mwenye kuongoza kuhesabiwa miongoni mwa waliofika.

Vijana wa mkoa wa Kigoma nao wana milima yao. Hifadhi ya Gombe, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na ya Mahale, iliyotangazwa mwaka 1985, zote hutembelewa kwa miguu. Mlima Nkungwe ulioko Mahale una mita 2,462, na hali uso wa Ziwa Tanganyika uko kiasi cha mita 773 tu, anayeukwea kutoka ufukweni ana mwinuko mkubwa mbele yake. Kazi ya kiongozi wa mlima si hadithi ya Moshi na Arusha peke yake.

7. Istilahi zinazopendekezwa

Maisha ya kazi: mfululizo wa kazi, vyeo na mafunzo ambayo mtu hupitia tangu anapoanza kujitegemea hadi anapostaafu.

Mpira wa magongo (pia hoki): mchezo wa timu mbili zinazoshindana kuingiza mpira golini kwa kutumia magongo yaliyopinda ncha. Matawi yake ni magongo ya uwanjani na magongo ya barafuni.

Mchezaji wa ridhaa: achezaye kwa hiari bila malipo ya kucheza.

Mchezaji wa kulipwa: achezaye kwa mkataba unaotaja mshahara wa kucheza.

Mwajiriwa mchezaji: mfanyakazi wa jeshi, shirika au kampuni ambaye huichezea timu ya mwajiri wake na kulipwa mshahara wa kazi yake.

Mwongoza watalii: awatembezaye wageni na kuwaeleza habari za mahali.

Kiongozi wa mlima: mwenye ujuzi na kibali cha kuwaongoza wapanda mlima, mwenye dhamana ya usalama wao na mamlaka ya kuamua waendelee au warudi. Chini yake yupo kiongozi msaidizi.

Mpagazi: abebaye mizigo ya safari kwa ujira, kwa uzito usiozidi kiwango kilichowekwa, katika Kilimanjaro kiwango hicho ni kilo 20.

8. Hitimisho

Tunamshukuru mwalimu wa Kasingirima kwa swali lake. Atakaporudi darasani, awaeleze wanafunzi wake habari za mcheza magongo wa kulipwa na za kiongozi wa mlima, na awaombe waandike fasili zao wenyewe kabla hajawasomea hizi zetu. Huenda wakapata iliyo bora zaidi. Wengi wao ni wajukuu na vitukuu vya watu waliofika Ujiji wakiifuata bendera nyekundu ya kirangozi. Zikiwa bora, atuletee.

Na yule kijana aliyeteguka goti, atakapopewa karatasi nyingine ya ajira, ataisoma mstari wa kwanza kabla ya kutia sahihi. Humo hana budi kulikuta neno kiongozi. Asipolikuta, aulize kwanza ni nani atakayesema "Tunarudi".